Ndege ya Makasha Kwenye Njia ya Misafara

Tarehe 27 Februari 1920, ndege aina ya Vickers Vimy Commercial yenye injini mbili za Rolls-Royce ilianguka Tabora. Ilikuwa imeondoka Brooklands, Uingereza, zaidi ya mwezi mmoja nyuma, ikirushwa na marubani Cockerell na Broome, na abiria wao alikuwa mtaalamu wa wanyama, Peter Chalmers Mitchell. Gazeti la The Times la London ndilo lililodhamini safari hiyo ya kutoka Cairo kwenda Rasi ya Tumaini Jema. Watu walitoka salama, ila safari ilikomea hapo. Hazikupita wiki mbili, Vimy nyingine, Silver Queen II ya Van Ryneveld na Brand, ikaanguka Bulawayo ilipokuwa ikijaribu kuondoka. Miji yote miwili iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ile ya Brooklands.

Mwaka 2019 vijana wa Afrika Kusini walilivuka bara hilohilo kutoka Cape Town hadi Cairo, takribani kilomita 12,000, wakipitia Tanzania bara na Zanzibar. Ndege yao ya viti vinne, Sling 4, waliiunganisha wenyewe. Walikuwa vijana 20, na kazi iliwachukua wiki tatu hivi, kwa vipande vilivyotoka kiwandani karibu na Johannesburg. Megan Werner, aliyeasisi mradi huo na kuwa mmoja wa marubani wake, alikuwa na miaka 17.

Kati ya safari hizo mbili kuna karne nzima ya mafunzo kuhusu swali linalorudi kila video ya fundi aliyejenga ndege uani inapozagaa kwenye simu za watu: je, ndege ndogo iliyotoka mikononi mwa fundi wa hapahapa inaweza kuruka na kurudi salama? Inaweza, hata Tabora. Mikono ipo. Kinachopungua ni hesabu ya uzito, vifaa vinavyojulikana vilikotoka, na mkaguzi anayefika kabla bawa halijafunikwa.

Mashine zilizokuja vipande vipande

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji ilizoea mizigo iliyogawanywa. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mizigo iliongezeka ukubwa, lakini mtindo ukabaki uleule. Meli ya Graf von Götzen iliundwa katika kiwanda cha Meyer, Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa tena na kufungashwa katika makasha yapatayo 5,000. Ilipita Dar es Salaam na kusafirishwa kwa reli kuelekea Ziwa Tanganyika. Huko Kigoma, Anton Rüter na wenzake wawili wa kiwandani waliiunganisha upya pamoja na mafundi wa Kihindi na vibarua Waafrika, ikashushwa majini Februari 1915. Wajerumani waliizamisha Julai 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza wakaiopoa, na tangu 1927 inaitwa Liemba.

Waliotumwa kuishambulia meli hiyo nao walitumia mashine za makasha. Uingereza iliwaazima Wabelgiji ndege nne za majini aina ya Short 827, za mbao na kitambaa, zikaingizwa kupitia Kongo kwa meli, reli na mto, kisha zikaunganishwa upande wa pili wa ziwa. Katikati ya mwaka 1916 rubani Aimé Behaeghe na wenzake walikuwa wakiruka juu ya Kigoma. Kwa hiyo ndege za kwanza za magharibi mwa Tanzania zilikuwa za aina ambayo leo ingeitwa ndege ya kuunganisha: vipande vilipimwa na kukatwa kiwandani, kazi ya kuvifunga ikafanyika porini.

Pwani nako kulikuwa na mafunzo ya kubadilisha mashine. Mwishoni mwa 1914, rubani wa kiraia Dennis Cutler alitafuta manowari ya Kijerumani ya Königsberg katika delta ya Rufiji kwa ndege ya Curtiss. Rejeta yake ilipoharibika, ikafungwa ya gari la Ford iliyoletwa kutoka Mombasa, na ndege ikaruka tena. Badiliko hilo lilifaa kwa sababu kazi ya rejeta ni ileile, kupoza maji, na uzito wake haukuvuruga ndege. Februari 1915 zikaletwa ndege za Sopwith. Joto na unyevu wa pwani vilizishinda: gundi iliachia, mbao zikapinda, na zilishindwa kupanda zikiwa na mabomu. Zilizofaa zaidi ni Henri Farman zenye fremu ya mabomba ya chuma. Ziliruka kutoka kisiwa cha Mafia na kuielekeza mizinga iliyoimaliza Königsberg tarehe 11 Julai 1915.

Hewa ya Tabora

Anayetaka kujenga ndege Tabora aanze na hewa. Mji uko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Kwa kipimo cha kimataifa kinachotumiwa na marubani, hewa ya urefu huo hutegemewa kuwa na nyuzijoto 7 hivi. Mchana wa Oktoba, kabla ya mvua, kipimajoto cha Tabora husoma 32. Tofauti hiyo ya nyuzi 25 huipunguza hewa uzito kiasi kwamba ndege inajisikia kama iko mita 2,100.

Pigo hilo huingia mara tatu kwa mpigo mmoja. Injini isiyo na turbo inapata hewa kidogo, hivyo yenye nguvu ya farasi 100 inabaki na 80 hivi. Propela inasukuma hewa nyepesi. Bawa nalo linahitaji mwendo mkubwa zaidi ili linyanyue uzito uleule. Ndege inayohitaji mita 200 kuondoka ufukweni Bagamoyo asubuhi yenye ubaridi itahitaji karibu mita 370 Tabora mchana, na zaidi ya hapo kama ni kwenye majani marefu. Wakati wa kutua, saa ya mwendo itaonyesha namba ileile ya siku zote, lakini magurudumu yatagusa ardhi kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 11 hivi. Rubani aliyefunzwa pwani na asiyeelezwa jambo hili atadhani injini ina hitilafu.

Kutokana na hesabu hiyo, ramani ya ndege iliyochorwa kwa viwanja vya Ulaya haiwezi kuchukuliwa Tabora ilivyo. Ama iwe na bawa kubwa zaidi, ama injini yenye nguvu zaidi, ama ibebe mtu mmoja badala ya wawili, ama iruke alfajiri tu. Kila chaguo lina gharama yake, na linapaswa kufanywa kabla ya kukata bati la kwanza.

Injini ya bodaboda na ya ndugu Wright

Wilbur na Orville Wright walikuwa mafundi baiskeli. Katika mkoa ambao baiskeli bado inabeba mkaa, tumbaku na wagonjwa, historia hiyo inasikika karibu. Injini yao ya mwaka 1903, iliyotengenezwa na fundi wao Charlie Taylor kwa wiki sita hivi, ilitoa nguvu ya farasi 12. Pikipiki ya bodaboda ya sisi 150 hutoa kiasi hichohicho. Ni rahisi basi kuwaza kwamba injini ya bodaboda inatosha kumrusha mtu.

Tatizo liko kwenye mzunguko na mazingira. Propela hufanya kazi vizuri ikizunguka polepole; ikizidi kasi, ncha zake hukaribia mwendo wa sauti, zikapiga kelele bila kusukuma. Injini ya pikipiki hutoa nguvu yake ikiwa kwenye mizunguko elfu kadhaa kwa dakika, hivyo lazima iwekewe gea au mkanda wa kupunguza. Hata injini ya Rotax 912 ya nguvu ya farasi 100, iliyobuniwa kwa ndege ndogo, huzunguka hadi mara 5,800 kwa dakika na kupitia gea inayoshusha mzunguko huo hadi chini ya 2,400. Ndugu Wright walitumia minyororo kuzungusha propela mbili kubwa polepole. Isitoshe, waliruka ufukweni, siku ya baridi ya Desemba, wakisaidiwa na upepo wa mbele wa zaidi ya kilomita 30 kwa saa. Safari ya kwanza ilidumu sekunde 12 na kufika mita 37 hivi. Injini hiyohiyo Tabora, mchana wa Oktoba, isingeinua mtu.

Injini ya gari nayo ina mtego wake. Barabarani hutumia sehemu ndogo ya nguvu zake kwa muda mwingi. Angani hudaiwa robo tatu ya nguvu au zaidi, saa nzima bila kupumzika, na joto lote hilo linatakiwa kutolewa na rejeta iliyobuniwa kwa kazi nyepesi.

Mninga, sufuria na bomba la dirisha

Misitu ya miombo inayoizunguka Tabora ina mninga, mbao nzuri ya vitanda na milango. Kwa ndege ni nzito. Mita moja ya ujazo ya mninga mkavu hupita kilo 600, wakati mbao ya sprusi ya Sitka kutoka Amerika Kaskazini, iliyojenga ndege nyingi za mbao, iko kwenye kilo 420 hivi huku ikiwa na nyuzi ndefu zilizonyooka. Ndege ya mbao yenye mifupa ya mninga ingekuwa imemaliza ruhusa yake ya uzito kabla rubani hajapanda.

Kwa metali ni vivyo hivyo. Alumini ya sufuria na alumini ya bawa zinafanana kwa macho, lakini alumini ya ndege imechanganywa na shaba na madini mengine na kupikwa kwa joto maalumu, na inahimili mvutano mara kadhaa zaidi. Bomba la chuma linalochomelewa madirisha halifanani na bomba la chuma lenye kromiamu linalotumika kwenye fremu za ndege. Fundi wa kuchomelea mwenye jicho zuri hawezi kuzitofautisha kwa kuzitazama. Kinachozitofautisha ni karatasi inayofuatana na mzigo kutoka kiwandani, na alama zilizogongwa kwenye kichwa cha bolti.

Mizani mitatu

Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba karibu frasila mbili, kilo 32 hivi, na walijua kwamba mzigo usiolingana humchosha mtu kabla ya mzigo mzito. Ndege ni kama bega lao: mahali uzito ulipo ni muhimu sawa na wingi wake. Kipimo chenyewe ni rahisi. Ndege ya magurudumu matatu huwekwa kwenye mizani mitatu. Tuseme gurudumu la pua linasoma kilo 60, la kushoto 150 na la kulia 150. Jumla ni 360. Ikiwa magurudumu makubwa yako mita 1.5 nyuma ya lile la pua, zidisha 300 kwa 1.5 kisha gawa kwa 360. Kitovu cha uzito kiko mita 1.25 nyuma ya gurudumu la pua.

Sasa mwenye ndege aongeze dumu la kilo 20 nyuma ya kiti, mita 2.5 kutoka gurudumu la pua. Kitovu kinarudi nyuma karibu sentimita 7. Katika ndege ndogo nyingi, nafasi yote inayoruhusiwa kutoka mbele hadi nyuma haizidi sana sentimita 20. Dumu moja lililowekwa bila hesabu limekula theluthi ya usalama. Kitovu kikizidi kurudi nyuma, pua inapoinuka haishuki tena, na usukani unakuwa hauna kazi.

Badiliko dogo, gharama kubwa

Historia ya ndege za nyumbani ina makaburi yanayofundisha. Mfaransa Henri Mignet alitoa mwaka 1934 ramani ya ndege ndogo iitwayo Pou-du-Ciel ambayo mtu wa kawaida angeweza kuijenga kwa mbao sebuleni, na mamia ya watu Ufaransa na Uingereza wakaijenga. Zikaanza kuanguka kwa namna moja: pua ikiinama kupita kiasi, ndege haikuinuka tena. Majaribio katika mahandaki ya upepo yalionyesha kwamba bawa la mbele na la nyuma, yalivyokaribiana, yalivurugiana hewa. Mafundi waliozijenga hawakuwa wazembe. Mchoro wenyewe ulikuwa na kasoro ambayo msumeno mzuri na gundi nzuri visingeweza kuiondoa.

Kisa cha mwanamuziki John Denver kinaonyesha upande mwingine. Oktoba 1997 alianguka kwenye ghuba ya Monterey, California, akirusha Long-EZ iliyojengwa na mtu mwingine. Ramani ya Burt Rutan iliweka koki ya kuchagua tangi la mafuta mahali pa kufikika. Aliyejenga ndege ile aliihamishia nyuma ya bega la kushoto. Wachunguzi walieleza kwamba kuifikia kulimlazimu rubani kujigeuza kitini, na kufanya hivyo kungeweza kumfanya akanyage pedali ya usukani bila kukusudia. Mkaguzi mmoja mwenye kauli angeizuia koki ile ikiwa ndege bado iko karakana.

Takwimu za Marekani, nchi yenye ndege nyingi zaidi za aina hii, zinathibitisha picha hiyo. Bodi ya usalama wa usafiri ya nchi hiyo ilieleza mwaka 2012 kwamba ndege za kujijengea zilikuwa karibu asilimia 10 ya ndege ndogo zote, lakini zilichangia asilimia 15 hivi ya ajali za mwaka 2011 na asilimia 21 ya ajali zenye vifo. Sababu kubwa zilikuwa injini kupoteza nguvu na rubani kupoteza udhibiti, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwenye safari za mwanzo.

Uani na karakana

Afrika Mashariki haina uhaba wa wathubutu. Kampala kuna ndege iitwayo African Skyhawk iliyojengwa uani Ntinda. Kenya kuna mtaalamu wa kompyuta aliyefunga injini ya Toyota kwenye ndege aliyoijenga mwenyewe. Tunduma, mkoani Songwe, fundi mmoja alijenga helikopta ya watu wawili. Hakuna iliyoingia katika usafiri wa kawaida. Watu hawa wanastahili heshima kamili, na heshima ya kweli ni kuwapa mhandisi wa kupitia michoro yao kabla hawajauza mashamba kununua vyuma. Kuwapigia makofi kwenye video kisha kuwaacha peke yao na propela inayozunguka ni kuwahatarisha.

Marekani humruhusu mtu kurusha ndege aliyoijenga ikiwa sehemu kubwa ya kazi, zaidi ya nusu, imefanywa na wasio wafanyabiashara, kwa kujifunza au burudani. Hupewa eneo maalumu la kufanyia majaribio, kwa kawaida kwa saa 25 hadi 40 za kuruka, bila abiria wa kawaida. Uingereza imekabidhi ukaguzi kwa chama cha ndege ndogo, ambacho wakaguzi wake huitazama kazi kwa hatua: mifupa ya bawa kabla ya kufunikwa, nyaya kabla ya sakafu kufungwa. Tanzania, kila ndege ya kiraia iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na husajiliwa kwa alama inayoanza na 5H. Jambo moja muhimu kwa mkoa ulio karibu na Burundi na Kongo ni kwamba ndege ya kujijengea haina cheti kamili cha kimataifa. Kuvuka mpaka huhitaji kibali cha nchi inayopitwa.

Morogoro, kwenye njia hiyohiyo ya zamani ya misafara, mlango mwingine umeshafunguka. Kampuni ya Airplanes Africa Limited, yenye mizizi Jamhuri ya Czech, inaunda huko ndege za viti viwili za Skyleader 600, za alumini na injini za Rotax. Mafundi wa Kitanzania wanapiga ribiti kwenye mchoro uliokwisha kurushwa, kupimwa na kurekebishwa kwingine. Ghana nayo ilionyesha njia katika kiwanja kidogo cha Kpong, ambako wasichana walifunzwa kujenga na kutunza ndege za Zenith CH 701 zinazoondoka kwenye uwanja mfupi. Patricia Mawuli, aliyeanza hapo kwa kazi za mikono za kufyeka kiwanja, akawa rubani, mwalimu na mtunzaji wa injini za Rotax.

Kazi inayosubiri magharibi

Mahitaji ya kweli yapo. Nyika za Wembere na bonde la Malagarasi ni mazalia yanayojulikana ya nzige wekundu, na shirika la kikanda la kudhibiti nzige huyachunguza kutoka angani. Ugalla, iliyopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, ni pori kubwa lenye barabara chache zinazopitika masika. Ndege ya viti viwili inayoruka polepole kwa petroli ya kituo cha kawaida, kama Rotax inavyoweza, inafaa kazi hizo kuliko ndege kubwa inayodai mafuta maalumu. Kwa vifurushi vidogo hata rubani si lazima awemo: mwaka 2018 droni ya DHL ilibeba dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40 hivi.

Ili Tabora ishiriki, TCAA ingechapisha kwa Kiswahili hatua za kufuata kwa anayetaka kuunganisha ndege: amwone nani, ukaguzi ufanyike lini, majaribio yafanyike wapi. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kinachofunza wahandisi wa ndege Dar es Salaam, kingeweza kupeleka wakufunzi wake chuo cha ufundi cha VETA Tabora kwa muhula mmoja. Kisha wanafunzi wajenge bawa moja tu, kwa mchoro uliothibitishwa, na walijaribu hadharani. Kwa ndege ya kilo 600 inayotakiwa kuhimili mara nne ya uzito wake, kila bawa lapaswa kubeba kilo 1,200. Bawa linageuzwa chini juu na kupangiwa mifuko 24 ya mchanga ya kilo 50 kwa mpangilio wa hewa inavyolinyanyua, nalo halipaswi kupinda moja kwa moja. Ikifika mifuko 36, sawa na nusu zaidi ya kiwango hicho, halipaswi kuvunjika. Baada ya hapo waongeze mifuko hadi livunjike, waandike lilipovunjikia na kwa kilo ngapi, na daftari hilo lipelekwe kwa mkaguzi pamoja na maombi ya kuanza bawa la pili.